Khabari za Marehemu Shaaban bin Robert wa Machui, na Njia Iliyoitwa kwa Jina Lake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adamu majina ya vitu vyote, na akawafundisha wanadamu kwa kalamu yale wasiyoyajua. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo.

SABABU YA KHABARI HIZI

Katika mji wa Tanga, upande wa Ngamiani, njia haziitwi kwa majina ya watu, bali huitwa kwa hisabu. Mtu huulizwa anakokaa, akajibu kuwa anakaa barabara ya nane, au ya kumi na mbili, au ya ishirini. Na mgeni aliyeshuka leo, maadamu ajua kuhisabu, hapotei. Taratibu hii ina uzuri wake, kwani haimpendelei tajiri wala haimsahau maskini. Lakini miji mingi imefuata taratibu nyingine, nayo ni kuziita njia kwa majina ya watu waliokufa, ili kila apitaye na kila aulizaye njia amtaje marehemu hata bila ya kukusudia.

Mmoja katika watu wa Tanga aliyepata heshima hiyo ni marehemu Shaaban bin Robert, mtunga mashairi na mwandishi wa vitabu. Katika mji wa Dar es Salaam, si mbali na bandari, iko njia iitwayo Mtaa wa Shaaban Robert. Hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Taifa, na hapo ndipo kilipo Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Njia hiyo hukutana na Barabara ya Samora, na katika njia panda yao hupita makarani, wanafunzi, wachuuzi na madereva tangu alfajiri mpaka usiku. Jina la marehemu li katika vinywa vyao. Mmoja humwambia mwenziwe ashukie Shaaban Robert, na wa pili husema amekwisha fika Shaaban Robert. Lakini ulizia ni nani huyo, utaona kuwa wengi walijua jina tu. Na asiyemjua, asikiapo jina la Robert, aweza hata kudhani kuwa hakuwa Mwislamu, asimwombee rehema.

Basi hii ni hasara mbili. Maiti amekosa dua, na aliye hai amekosa mafunzo. Kwa sababu hiyo zimekusanywa hapa khabari za maisha yake kwa muhtasari, ili msomaji alitajapo jina hilo alitaje kwa maarifa.

KUZALIWA KWAKE NA JINA LAKE

Shaaban bin Robert alizaliwa tarehe 1 Januari mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, upande wa Machui, karibu na mji wa Tanga. Asili ya wazee wake ilikuwa ni Wayao, lakini yeye alizaliwa pwani, akalelewa pwani, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yake. Akajihisabu Mswahili, na katika maisha yake yote hakutafuta fakhari nyingine ya ukoo.

Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Wadachi. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, katika mwezi wa Novemba 1914, vita vikubwa vya Wazungu vilifika Tanga, na askari wa Kiingereza na wa Kihindi waliotoka baharini wakarudishwa baharini walikotoka. Lakini baadaye Waingereza waliishika nchi, ikaitwa Tanganyika. Basi mtoto huyu alizaliwa chini ya bendera moja, akasoma na kufanya kazi chini ya pili, na Mwenyezi Mungu akamjaalia kuiona ya tatu, iliyo ya wenyeji, kabla ya kufa kwake.

Ama jina la Robert, ni jina la baba yake. Basi aliitwa Shaaban bin Robert, kama ilivyo ada ya Waislamu kumtaja mtu pamoja na baba yake. Ingalikuwa wepesi kwake, naye akiishi katika watu wa pwani wanaochungua sana majina, kulificha jina hilo na kutwaa la babu au la ukoo. Hakufanya hivyo. Na hapana shaka kuwa alifanya sawa, kwani Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Ahzab ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na ametaja kuwa huo ndio uadilifu zaidi mbele yake. Sheria inapendekeza mzazi ampe mwanawe jina jema, lakini haikumruhusu mwana kumkana baba yake kwa sababu ya jina. Mtu huhukumiwa kwa imani yake na matendo yake, na jina la Shaaban, ambalo ni la mwezi unaotangulia Ramadhani, lilimtosha kuwa alama ya dini yake.

MASOMO YAKE

Mwaka 1922 alipelekwa Dar es Salaam kusoma katika skuli ya serkali, akakaa huko mpaka mwaka 1926, akatoka na cheti. Elimu yake ya skuli ilikoma hapo. Hakwenda ng'ambo, wala hakuingia chuo kikuu. Yaliyobaki aliyapata kwa kusoma peke yake usiku baada ya kazi, na kwa kusikiliza wazee wenye lugha.

Ni lazima msomaji afahamu hali ya wakati ule. Tangu karne nyingi watu wa pwani waliandika tenzi na mashairi yao kwa herufi za Kiarabu, na wenye elimu hiyo walikuwa ni masheikh, masharifu na wanafunzi wao. Serkali za Wazungu zilipokuja zilileta skuli zenye herufi za Kizungu, na wengi katika wazee waliziogopa, wakachelea watoto wao wasije wakatolewa katika dini. Hivyo palikuwa na watu wa namna mbili: wenye lugha tamu wasiojua herufi mpya, na wenye herufi mpya waliokuwa wakiiacha lugha tamu. Shaaban alikuwa katika wachache waliokusanya yote mawili. Alizichukua mizani na vina vya wazee, akavitia katika herufi za skuli, na watu wa bara wasiojua herufi za Kiarabu wakaweza kuvisoma. Faida hiyo imeenea mpaka leo, nayo ni katika sababu za kuitwa kwake baba wa fasihi ya Kiswahili katika zama hizi.

KAZI YA FORODHANI

Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha, akadumu humo mpaka mwaka 1944, miaka kumi na minane. Sehemu kubwa ya maisha hayo aliyapitisha katika miji ya pwani, na mmoja wapo ni Pangani. Ajuaye kazi ya forodha ajua kuwa ni kazi ya daftari: majahazi huingia na kutoka, na kila mzigo huandikwa na kupimwa na kutozwa ushuru wake. Mara nyingi karani wa forodha hujaribiwa, kwani mwenye mali hupenda mzigo uandikwe pungufu, na mkono wa karani ndio ulioshika kalamu.

Katika utawala ule karani Mwafrika alikuwa na daraja la chini. Mshahara wake haukuwa kama wa Mzungu wala wa Mhindi, hata kama kazi ilikuwa moja. Shaaban aliionja dharau hiyo ya ubaguzi wa rangi, na katika kitabu cha maisha yake ameieleza kwa maneno yasiyo na matusi. Hakujibu ubaya kwa ubaya, bali aliushitaki ubaya kwa wasomaji akawaachia wahukumu. Hiyo ni tabia ya mtu aliyejitia adabu mwenyewe kabla ya kuwatia wengine.

Ni katika miaka hiyo ya forodhani alipoanza kupeleka mashairi yake katika gazeti la Mambo Leo, gazeti la serkali lililosomwa nchi nzima. Mchana aliandika mizigo ya watu katika daftari la serkali, na usiku akaandika yaliyokuwa yake.

MKEWE AMINA NA WANAWE

Alimwoa Amina, akampenda, naye akafariki angali kijana. Msiba huo ulimwingia sana. Alimtungia shairi la maombolezo ambalo watoto wa skuli wamelisoma miaka mingi, na ndani yake hakupiga kelele za kijahilia wala hakulaumu kadari, bali alimwombea mkewe na akataraji kukutana naye akhera. Hivyo ndivyo inavyompasa Mwislamu. Machozi hayakatazwi, na huzuni ya moyo haikatazwi, lakini ulimi haufai kusema yasiyomridhi Mola.

Amina alimwachia watoto, na baba akaona wajibu wake umekuwa mzito maradufu. Kwa binti yake Mwanjaa alitunga utenzi wa wasia uitwao Hati, na kwa mwanawe Suleman akatunga mwingine uitwao Adili, kila mmoja wenye beti kama mia. Humo aliwausia kumcha Mungu, kuwaheshimu wazazi, kutunza ulimi, kufanya kazi, kuwa waaminifu, na kuishi na watu kwa wema. Wasia huu una nasaba ya kale katika pwani yetu, kwani Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake wasia kama huo katika karne ya kumi na tisa. Na kabla ya wote hao, Mwenyezi Mungu katika Kurani tukufu ametaja wasia wa Lukmani kwa mwanawe, ukawa mfano wa kila baba.

Zingatia hapa, ewe ndugu msomaji. Mtu huyu hakuwa na shamba kubwa wala nyumba za kupangisha, na alilowausia wanawe ni adabu. Mali hugawanywa kwa mafungu ya mirathi, na kila agawiwaye hupunguza fungu la mwenziwe. Lakini adabu aliyowaachia wawili wale imegawiwa watoto wa nchi nzima, wala haikupungua.

BARANI, NA KURUDI TANGA

Mwaka 1944 alihamishwa katika idara ya mifugo, akapelekwa Mpwapwa, mbali na bahari. Kwa mtu wa pwani, tena mfiwa, safari hiyo haikuwa nyepesi. Lakini ilimpa kuona watu wengine na lugha nyingine, na kufahamu kuwa Kiswahili kimekuwa kamba inayowafunga pamoja watu wasiojuana. Tangu hapo, alipokitaja Kiswahili hakukitaja kama mali ya mji mmoja. Alikifananisha na maziwa ya mama, ambayo mtoto hayabadilishi na mengine hata yakiwa mengi.

Zama hizo ndizo zama za vita vikuu vya pili, vya mwaka 1939 mpaka 1945. Vijana wa Tanganyika walichukuliwa askari, wakapigana Uhabeshi, na Madagaska, na Burma, na wengine hawakurudi. Shaaban alizitunga khabari za vita hivyo katika utenzi mrefu uitwao Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo elfu tatu. Kazi hiyo haikupigwa chapa akiwa hai. Ilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake.

Mwaka 1946 alirudishwa Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya serkali ya wilaya mpaka mwaka 1952. Kisha akahamia ofisi ya upimaji wa ardhi, akakaa humo mpaka mwaka 1960. Ofisi ya upimaji ndiyo ichoroayo ramani za viwanja na njia, na kuandika majina yake. Basi miaka minane karani huyu alikaa mahali panapochorwa njia, naye hakujua kuwa iko njia itakayochorwa na kuandikwa jina lake.

Kadhalika alikuwa mjumbe katika baraza la mji wa Tanga, na katika kamati ya lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Alipata nishani ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa ajili ya uandishi wake, na serkali ya Kiingereza ikampa nishani ya M.B.E. Heshima hizo hazikumtoa katika maisha ya kawaida ya watu wa mji wake.

VITABU VYAKE

Vitabu vyake ni vingi kuliko ilivyo desturi kwa mtu aliyefanya kazi ya ofisi umri wake wote. Pambo la Lugha na Kielezo cha Insha vilipigwa chapa Afrika ya Kusini, katika matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Baada ya kufa kwake vilitoka Kufikirika mwaka 1967, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968.

Kusadikika ni kisa cha nchi iliyo angani, ambayo ndani yake mtu aitwaye Karama alishitakiwa kwa sababu alitaka watu wafundishwe sheria. Katika kujitetea kwake alileta khabari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, kila mmoja akarudi na mafunzo ya kheri, na kila mmoja akatiwa kifungoni badala ya kushukuriwa. Mwisho Karama alifunguliwa, na wafungwa wale wakafunguliwa pamoja naye. Kitabu hiki kilitoka wakati mwenyeji hakuwa na sauti katika serkali ya nchi yake. Kila aliyekuwa na akili alifahamu ni nchi gani iliyokusudiwa, lakini maneno yalikuwa ya adabu hata mtawala hakupata pa kushika.

Adili na Nduguze ni kisa cha mtu aliyefanyiwa hasadi na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, wakageuzwa manyani kwa ubaya wao, naye akapewa amri ya kuwapiga kila siku huku moyo wake ukiwahurumia, mpaka mwisho wakasamehewa. Mwenye kuijua Sura ya Yusufu hatakosa kuona kuwa mwandishi alikunywa katika kisima hicho: ndugu kumhusudu ndugu, na mdhulumiwa kusamehe akiwa na uwezo wa kulipiza.

YALIYOTILIWA SHAKA

Si haki kusimulia maisha ya mtu kwa kumsifu tu. Yako mawili ambayo mtu wa dini huweza kuyauliza.

La kwanza, Shaaban alizifasiri kwa Kiswahili rubaia za Omar Khayyam wa Uajemi, akizitoa katika maneno ya Kiingereza ya FitzGerald, na humo mna kutajwa kwa mvinyo na kwa shaka juu ya mambo ya ghaibu. La pili, aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, na uimbaji una maneno mengi kwa mafakihi.

Jawabu la swali la kwanza limekwisha tolewa zamani na Imamu wetu Shafi'i, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye mwenyewe alikuwa mtunzi. Amebainisha kuwa shairi ni maneno kama maneno mengine: lililo jema ni jema, na lililo baya ni baya. Basi yaliyo katika rubaia zile ya kukumbusha mauti na upesi wa dunia huchukuliwa. Na yanayochukuliana na ulevi huachwa, kama mtu alavyo samaki akatupa miiba. Wala hakusemwi kuwa aliyefasiri maneno ya mtu ameyaamini yote. Lakini ni kweli kuwa msomaji mchanga anahitaji mwalimu hapo, na si vema kijana aachiwe kitabu hicho bila ya kuelezwa.

Ama Siti, khabari zake huanza kwa ufakiri. Alizaliwa katika shamba la Fumba, akauza vyungu kwa miguu, hakuwa na ukoo wa kutajwa mbele ya mabwana, akafikia kujulikana mpaka Bombay. Lililomvuta Shaaban katika maisha hayo ni kuwa mtu aliyedharauliwa kwa nasaba alipanda kwa juhudi na kwa adabu. Katika miji yetu ya pwani, ambamo watu wametengana sana kwa huyu muungwana na yule mtumwa, funzo hilo lilikuwa na uchungu wa dawa. Na Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, katika hutuba yake ya kuaga amekwisha eleza kuwa hapana ubora wa mtu juu ya mtu ila kwa ucha Mungu. Hukumu ya uimbaji ni mlango wake mbali. Lakini aliyeandika kuwa maskini ana heshima hakuandika kosa.

KUFA KWAKE

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Shaaban alikuwa ameacha kazi ya serkali mwaka uliotangulia, akataraji kutumia miaka iliyobaki katika kuandika. Miaka hiyo hakupewa. Alifariki katika mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi sita tu baada ya uhuru, akazikwa kwao Machui. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Aliacha nyuma yake maandishi mengi yasiyopigwa chapa. Laiti karatasi zile zingaliachwa mchwa wazile, nusu ya kazi yake isingalijulikana. Hili ni onyo kwa wana wa masheikh na wa watunzi katika Tanga na Pangani na vijiji vyao, ambao ndani ya masanduku ya baba zao mna khati za thamani: wazitoe zisomwe na zinakiliwe, kabla ya unyevu na wadudu kuzitangulia.

NJIA NA NJIA PANDA

Baada ya hayo ndipo zilipokuja heshima za majina. Katika Upanga ya Dar es Salaam imejengwa skuli ya sekondari ikaitwa Shaaban Robert, na katikati ya mji njia ikaitwa kwa jina lake. Ni mji ule ule alioujia akiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu kutafuta kusoma.

Na itazame ile njia inayokutana nayo. Barabara ya Samora, katika wakati wa Waingereza, iliitwa Acacia Avenue, kwa jina la miti. Ulipokuja uhuru ikaitwa Barabara ya Uhuru kwa lugha ya Kiingereza, kisha ikaitwa kwa jina la Samora Machel, rais wa Msumbiji, aliyekufa mwaka 1986. Udongo ni ule ule, na jua ni lile lile, lakini jina limegeuzwa mara kwa mara kwa kugeuka kwa zama. Basi asidhani mtu kuwa aliyeandikwa katika kibao cha njia amepata kudumu. Anayekipachika kibao leo aweza kukiondoa kesho, na mwenye jina yumo kaburini hana la kusema.

Katika njia panda ile hukutana majina mawili, la rais aliyeongoza jeshi na la karani aliyeshika kalamu. Wapita njia huyataja sawasawa. Hili litutoshe kujua kuwa heshima haikuwekewa wenye amri peke yao.

Tena njia panda ina khabari nyingine katika pwani yetu. Wajinga hupafanya mahali pa kutupa makafara, vyungu na vitambaa, wakaogopa kupita usiku. Hayo ni ushirikina yanayopasa kuachwa. Njia panda ni mahali ambapo msafiri husimama asijue aende kulia au kushoto, na anachohitaji hapo ni mwongozi. Ikiwa jina la mtu litawekwa njia panda, basi na liwe jina la aliyewaongoza watu katika uhai wake. Shaaban aliishi na watu wake katika njia panda ya zama: herufi za kale na herufi mpya, utawala wa wageni na utawala wa wenyeji, pwani na bara. Hakuwaambia waitupe njia ya wazee, wala hakuwakataza kuingia mpya, bali aliwaonyesha kuwa mtu aweza kuingia mpya na adabu ya wazee wake akaichukua mkononi.

MAZINGATIO

Imesihi katika hadithi kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, au elimu yenye kunufaisha, au mwana mwema mwenye kumwombea. Katika matatu hayo hamna jina la njia. Kibao hakimfaliji maiti katika kaburi lake. Lakini kibao chaweza kuwa ukumbusho, na ukumbusho waweza kuleta moja katika hayo matatu, ikiwa walio hai watatimiza haki tatu.

Haki ya kwanza ni dua. Mwislamu alitajapo jina la Mwislamu mwenziwe aliyekufa, na alifuatishe kwa kumwombea rehema. Watu elfu wakilitaja jina la Shaaban kwa siku katika njia ile, na mmoja tu katika kila kumi akasema Mungu amrehemu, hizo ni dua mia kila siku kwa mtu ambaye hawamjui kwa uso. Na kusema huko hakumpotezi abiria kituo chake.

Haki ya pili ni kusoma. Aliyeitwa njia kwa sababu ya vitabu vyake, kisha vitabu vyake vikaachwa, amefanyiwa dhihaka. Baba anunue kitabu kimoja katika hivyo, amsomee mwanawe utenzi wa Adili, na binti yake utenzi wa Hati, na amweleze panapohitaji kuelezwa. Ndipo ile elimu itakapokuwa yenye kunufaisha, na amali ya marehemu isikatike.

Haki ya tatu ni ya njia yenyewe. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwakataza sahaba zake kukaa mabarazani njiani, na walipotoa udhuru aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Tena amefundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi katika matawi ya imani. Basi mwenye kutupa taka katika njia iliyoitwa kwa jina la mwalimu wa adabu, na mwenye kukaa hapo akiwatolea wapitao maneno machafu, amemtukana mwenye jina hata asipomtaja.

Na wale waliopewa amri katika mabaraza ya miji, ambao kwa kalamu yao njia huitwa hili au lile, wamche Mungu katika amana hiyo. Wasiuze majina kwa matajiri, wala wasitoe kwa kupendelea jamaa. Watazame nani aliyewanufaisha watu, kisha wawaandikie vijana khabari zake fupi mahali pa kusomeka, ili jina lisibaki sauti tupu. Na ambaye moyoni mwake anatamani njia iitwe kwa jina lake, na aifunge tamaa hiyo, kwani riya huila amali kama moto ulavyo kuni. Shaaban bin Robert alishika daftari la forodha, akashika ramani za upimaji, akatunga usiku, akawausia wanawe, akafa. Jina katika njia lilikuja lenyewe.

Ewe Mola, msamehe mja wako Shaaban bin Robert na mkewe Amina, na maiti wetu wote wa pwani na bara, wanaojulikana kwa majina na wasiojulikana ila kwako wewe. Lipanue kaburi lake, na uyajaalie mema aliyoyaandika kuwa nuru kwake, na yaliyomponyoka katika makosa uyafute kwa fadhila yako. Na sisi tulio hai utuonyeshe njia iliyonyoka, tusipotee katika njia panda za dunia.

Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad, wa ala alihi wa sahbihi wa sallam. Walhamdu lillahi Rabbil alamin.